Nusu ya Nyumba kwa Maskini wa Dunia

Bibi Incoronata Lapolla alitangaza kwamba anawaachia maskini wa dunia nusu ya nyumba yake siku ya Jumapili, mezani, baada ya tambi na kabla ya nyama ya kondoo, kwa sauti ileile aliyotumia kuomba asogezewe chumvi. Mwanawe Canio alidhani amesikia vibaya. Mkwewe Loredana alisikia vizuri kabisa, maana upawa ulimbakia hewani mkononi na mchuzi ukaanza kudondokea kitambaa cha meza.

"Maskini gani, mama?" Canio aliuliza.

"Wa dunia."

"Dunia ipi?"

"Hii hii. Kwani wewe unayo nyingine?"

Akaeleza bila haraka. Redioni alikuwa amesikia habari za shirika linalopambana na umaskini duniani, na kwamba mtu yeyote, hata bibi wa mji mdogo kama Castelgrezzo mwenye vyumba viwili na jiko, anaweza kuliachia kitu katika wosia wake. Ijumaa alikuwa ameteremka kwa wakili kuuliza. Wakili akamwambia kwamba nusu ya nyumba ni haki ya mwanawe wa pekee, apende asipende. Hiyo, sheria haimruhusu kuigusa. Nusu ya pili ni yake kumpa amtakaye, hata paka. Paka hakuwa naye, kwa hiyo aliamua maskini.

Canio alikuwa na miaka hamsini na minne. Kiwanda cha makochi alichokuwa akifanyia kazi kilifungwa, na tangu hapo alikuwa katika umri ule ambao waajiri wanakuona mzee na serikali inakuona kijana. Waliishi kwenye nyumba ya mama na, kusema kweli, kwa pensheni ya mama. Kila Alhamisi Loredana alivaa miwani myeusi, hata mvua ikinyesha, akaenda mlango wa nyuma wa kanisa kuchukua mfuko wa chakula. Akirudi aliyapanga makopo kabatini kana kwamba yametoka dukani. Bibi Incoronata aliyajua yale makopo, kwa sababu duka la Castelgrezzo haliuzi mbaazi za aina ile, lakini hakuwahi kusema neno.

"Mama," Loredana alisema, akiuweka upawa chini kwa uangalifu mkubwa, "maskini tuko hapa. Tambi umetupakulia wewe sasa hivi."

"Ndiyo," Bibi Incoronata alikubali. "Ninyi mna mtu wa kuwapakulia. Haya, huyo kondoo anapoa."

*

Canio hakuwa mtu wa kelele. Alisubiri mchana ule mama yake akae dirishani, akamfuata na kiti, akamuuliza kwa upole ni nini hasa kilichomwingia. Alitarajia kusikia habari za padri, au za redio, au za uzee.

Mama yake alimwambia kwamba alipokuwa msichana kanisani kulikuja marobota ya nguo kutoka ng'ambo, naye akapata koti. Koti la sufu, la kijani, la mwanamke mrefu. Alilivaa majira manne ya baridi. Hakujua limetoka nchi gani wala kwa nani.

"Mikono ilikuwa mirefu mpaka hapa," alisema, akionyesha vidole. "Watoto walinicheka. Nilitaka hata nimjue huyo mwanamke nimlalamikie. Sikuwa na wa kumlalamikia, sikuwa na wa kumshukuru. Miaka sabini hili jambo linanikera."

"Basi wape koti, mama. Kwa nini nyumba?"

"Koti langu limechakaa."

Canio alirudi kwa mkewe akamwambia mambo ni magumu. Loredana, ambaye alikuwa na akili ya vitendo, alisema dawa ni moja tu: mama haamini kwamba wao ni maskini kwa sababu hajawahi kuwaona wakiwa maskini. Wamejificha mno. Lazima sasa wajionyeshe.

Hapo ndipo walipogundua kwamba kuonyesha umaskini ni kazi kama kuuficha. Canio alivaa sweta lililotoboka viwiko. Alipojipumzisha mchana mama yake alilichukua akalitia viraka vizuri sana, likawa zuri kuliko yale mazima. Loredana aliacha kuweka jibini mezani. Bibi alisema daktari atafurahi. Paa la ukumbi lilikuwa likivuja, nao waliiondoa ndoo makusudi ili maji yatiririke sakafuni mbele ya kila mtu. Bibi Incoronata alitazama kidimbwi kile, akaileta ndoo mwenyewe, na akamuuliza mwanawe kama mgongo unamuuma siku hizi hata hawezi kuinama.

Habari zilitoka nje, kama zinavyotoka habari zote katika mji ambao nyumba zake zimeegemeana. Wa kwanza kuja alikuwa binamu Gerarda, mwenye duka la vipodozi, aliyelia kwa muda mrefu kuhusu biashara. Akafuata jirani wa juu na jirani wa chini. Mtaa mzima ukaanza kupita jioni kumjulia hali shangazi Incoronata, kama walivyozoea kumwita, na kila mmoja alikuja na umaskini wake. Mmoja alileta magoti yake, mwingine mkopo wa trekta. Bibi aliwasikiliza wote kwa raha ya mtu anayesikiliza mchezo wa redio. Aliwapa kahawa na biskuti za shira, akawaambia pole, akawasindikiza mpaka mlangoni.

"Gerarda amekuja na hereni za dhahabu," alimwambia Canio baadaye, bila chuki. "Angalau angezivua nje."

*

Shirika, lililopata habari kwa wakili, lilimtuma mtu kuja kumshukuru bibi. Alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Fulvia, kutoka Bari, mwenye viatu vya kutembelea na sauti ya muuguzi. Bibi Incoronata alichinjisha kondoo. Loredana, aliyemwona kupitia dirishani akija, alisema kwamba hajaona maskini wanaofikiwa na wajumbe wenye viatu vizuri namna ile, lakini alisema kabla mgeni hajaingia.

Canio alikuwa amejiandaa. Kabla ya chakula alimwomba Bi Fulvia afike mara moja ukumbini, akamwonyesha dari. Alimwonyesha pia sweta, ingawa lile halikumsaidia tena. Akamwambia, akiwa ametazama pembeni, kwamba kiwanda kimefungwa, kwamba hana kazi, kwamba chakula wanachukua kanisani. Hilo la mwisho hakuwahi kulitamka kwa mtu.

Bi Fulvia alimsikiliza kwa heshima. Kisha alimuuliza kama wana maji ndani ya nyumba.

"Tunayo."

"Umeme?"

"Upo."

"Na mnakula mara ngapi kwa siku, Bwana Canio?"

Canio alifikiri. Alitaka sana kusema mara moja, lakini harufu ya kondoo ilikuwa imeshajaa ukumbini. "Tatu," alisema. "Saa nyingine tunapunguza jibini."

"Nakuelewa," alisema Bi Fulvia, na alikuwa na huruma ya kweli, ndiyo iliyouma zaidi. "Nakuelewa kabisa. Ila kwa vigezo vyetu sisi, hamko vibaya sana."

Canio alirudi mezani kama mtoto aliyefeli mtihani. Maishani mwake alikuwa amefeli mambo kadhaa, lakini hakuwahi kudhani atafeli hilo.

Mambo ya shirika yaliharibika yenyewe, bila Canio kufanya kitu. Bi Fulvia hakula nyama. Alikula pilipili kavu za kukaanga, alikula mkate, alisifu mafuta ya zeituni, lakini mapande mawili ya kondoo aliyowekewa yalibaki kwenye sahani yake, mwanzo yakiwa ya moto, kisha vuguvugu, kisha yakaganda mafuta meupe. Bibi Incoronata hakuyaondolea macho. Wakati huo mgeni alikuwa akieleza jinsi jina la shirika linavyopaswa kuandikwa kwenye wosia, kamili, pamoja na namba zake, ili sheria isije ikachanganya.

Alipoondoka, bibi aliifunika ile sahani kwa sahani nyingine.

"Mtu anayebakisha kondoo," alisema, "utamtumaje kwa wenye njaa?"

Canio akasogeza kiti karibu. "Kwa hiyo umeghairi, mama?"

"Nighairi kwa nini? Maskini wamekosa nini?"

Akaomba karatasi na kalamu. Akaandika kwa mkono wake, polepole, akitamka kila neno, kwamba nusu iliyo haki yake kuitoa anawaachia maskini wa dunia. Hakuandika jina la shirika. Hakuandika jina la mtu yeyote. Akatia sahihi na tarehe, akampelekea wakili, na akarudi na mkate.

Jioni ile Loredana alikuwa na furaha ambayo hakuificha. Maskini wa dunia ni nani, alimnong'oneza mumewe. Wana anwani? Wana simu? Atakuja nani kudai? Canio alijikuta akipiga mluzi alipokuwa anamwaga maji ya ndoo.

*

Bibi Incoronata alifariki mwezi Februari, ameketi dirishani, akimenya chungwa. Hakuugua. Canio alimkuta na kisu kidogo mapajani na nusu ya maganda yakiwa bado yameshikana. Baada ya daktari na majirani kuja na kuondoka, lile chungwa lilikuwa bado kwenye kizingiti cha dirisha. Canio alilila kipande kimoja kimoja kwa sababu hakujua alifanyie nini.

Wakili aliwaita baada ya mazishi. Aliusoma wosia kwa sauti, ukaisha kabla hajakaa vizuri kitini.

"Sasa, hao maskini wa dunia," alianza Canio, "nadhani, mheshimiwa, kisheria hawajulikani."

"Wanajulikana sana," alisema wakili. Alionekana kufurahi, kama mtu aliyesomea jambo ujanani na leo tu amepata pa kulitumia. Sheria, alieleza, ilishafikiria watu wa namna ya marehemu. Mtu akiwaachia maskini mali yake bila kusema maskini wepi, wala kupitia kwa nani, sheria inahesabu kwamba alikusudia maskini wa mahali alipokuwa akiishi. Mali inakwenda mikononi mwa halmashauri ya mji, kwa niaba yao.

"Lakini ameandika wa dunia," Loredana alisema.

"Castelgrezzo si sehemu ya dunia, bibi?"

Loredana aliuchukua mkoba wake, akainuka.

Halmashauri ya Castelgrezzo haikuwa imepokea kitu kutoka kwa mtu kwa muda mrefu, na ilikipokea hiki kwa bidii. Ilimtuma mpimaji na utepe wa chuma na kijana wa kumshikia upande wa pili. Mpimaji alikuwa mtu mwaminifu. Alizunguka nyumba nzima akipima hata unene wa milango, na mwishowe akasema kwamba nyumba haigawanyiki kwa haki isipokuwa kwa kupita katikati ya jiko. Chumba cha mama, choo kidogo alichojengewa alipovunjika nyonga, na upande wa jiko wenye sinki vilikwenda kwa maskini. Chumba cha Canio na mkewe, bafu, ukumbi wenye paa linalovuja, na upande wa jiko wenye jiko la gesi vilibaki kwa mrithi.

"Bwana mpimaji," Loredana alisema, "mimi nitaoshea wapi vyombo?"

"Mnaweza kukodi sinki."

"Kukodi sinki langu?"

"La maskini," mpimaji alimrekebisha. "Peleka maombi halmashauri. Wanaweza kuwapangia bei nafuu."

Wakaweka ukuta wa jasi, mwembamba kiasi kwamba ukikohoa upande huu unausikia upande ule ukitetemeka. Dirisha la mama likapanuliwa likawa mlango wa barabarani, na juu yake pakapigiliwa kibao chenye nembo ya mji. Loredana hakukodi sinki. Alisema atakufa kwanza. Alianza kuosha vyombo bafuni, akipiga magoti, na tambi alizichuja kwenye beseni la kuogea. Mvuke ulipanda ukafunika kioo, na Canio, aliyekuwa akinyoa, ilimbidi asubiri chakula kiive ndipo ajione uso.

*

Kilichobaki ni kupata maskini. Halmashauri ilitangaza kwamba nusu ya nyumba ya marehemu Lapolla atapewa mkazi aliye maskini kuliko wote, na atakayejiona anafaa aje na vielelezo.

Canio alikwenda siku ya kwanza. Alijikaza, akavaa shati safi, kisha akalivua akavaa chafu, kisha akaona aibu akarudia safi. Nyuma ya meza alimkuta karani aliyesoma naye shule ya msingi, ambaye hakujifanya hamjui, na hilo lilifanya mambo yawe magumu zaidi.

"Canio, wewe una nusu nyumba," karani alimwambia. "Huwezi kuingia. Ungekuwa huna, ungeshika nafasi nzuri sana. Nimeangalia mambo yako, kwa kweli uko vibaya."

"Asante," alisema Canio, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kumkubalia. "Na nikiikataa hiyo nusu?"

"Hapo unaingia."

"Nikiingia nikashinda?"

"Unapewa nusu."

"Ipi?"

"Ya mama yako. Yenye sinki."

Canio alikaa akilizungusha jambo hilo kichwani. "Na ile niliyoikataa itakwenda kwa nani?"

Karani alikuna kidevu. Alisema hajui, lakini huenda nayo ikatafutiwa maskini.

Waliomtangulia na waliomfuata walikuwa na bahati kuliko yeye. Castelgrezzo ni mji ambao watu wengi hawana kitu kwenye karatasi. Mwenye mkahawa wa kilimani, anayebadilisha gari kila baada ya miaka michache, alionekana hana gari wala mkahawa. Vyote vilikuwa vya mama mkwe. Daktari wa meno alikuwa anapata kiasi ambacho hakimtoshi mtu kununua mswaki. Binamu Gerarda alikuwa wa tatu kwa umaskini mji mzima, na alikuja mwenyewe kumweleza Loredana habari hiyo huku akijitahidi kuonekana mnyenyekevu. Kwa majuma kadhaa watu wenye heshima zao walisalimiana barabarani kwa ukali, kila mmoja akidhani mwenzake anajifanya maskini kumzidi.

Kisha ukaenea uvumi kwamba maofisa wa kodi wa mkoa wameomba kuona majina, kwa kuwa wamevutiwa sana na daktari wa meno. Haikujulikana uvumi ulitoka wapi, na karani alikana kabisa kwamba ulitoka kwake. Kabla ya wiki kwisha kila mtu alikuwa amejitoa. Mwenye mkahawa aliandika kwamba amepata nafuu.

Alibaki mmoja. Jina lake lilikuwa Ebrima Saidykhan, Mgambia, mkata matawi kwenye mashamba ya mizabibu, ambaye padri alikuwa amemwandikisha bila kumweleza vizuri. Hakujitoa kwa sababu hakujua kwamba ameingia.

*

Alikuja siku ya Jumatatu na baiskeli na begi moja. Alikuwa na ufunguo wake na mlango wake, wenye kibao cha halmashauri juu, lakini alipita akaenda kugonga mlango wa Canio. Alikuwa mtu mrefu, wa miaka thelathini hivi, na Kitaliano chake kilikuwa cha mashambani, kama cha watu wa Castelgrezzo wenyewe.

"Samahani, mzee," alisema. "Nimeambiwa upande ule nimepewa mimi. Nimekuja kuuliza kama ni kweli."

"Ni kweli," alisema Canio.

"Aliyenipa ni nani?"

"Mama yangu."

"Yuko wapi nimsalimie?"

"Amefariki."

Ebrima aliinamisha kichwa akasema maneno ya kwao kwa sauti ndogo. Kisha akabaki amesimama pale pale. "Na wewe umekubali?"

Canio alitaka kusema kwamba hilo si swali, kwamba kuna wosia, sheria, mpimaji. Akagundua kwamba tangu ile Jumapili, si mama yake, si wakili, si halmashauri, hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Ukisema hukukubali nitarudi nilikokuwa," Ebrima alisema. "Kule tunalala kwenye banda la zamani la kondoo. Si pazuri, ila hakuna ugomvi. Siwezi kulala kwenye nyumba yenye ugomvi."

Loredana alikuwa ametokea nyuma ya mumewe, mikono imelowa mpaka viwikoni, magoti yana alama za vigae vya bafuni. Canio alimtazama mkewe, akamtazama yule mgeni.

"Wewe una sinki," alisema mwishowe. "Mke wangu anachuja tambi bafuni."

"Na mimi sina jiko," alisema Ebrima.

Siku ya pili Canio alitoa kisu chake cha kiwandani, kile cha kukatia ngozi za makochi, akakata tundu la mraba katika ukuta wa jasi, kwa mkono ulionyooka ambao haukuwa umesahau kazi. Vyombo vichafu vikapita kwenda upande ule na kurudi vikiwa safi, chakula cha moto kikapita kwenda upande ule, na Loredana akaacha kupiga magoti. Mpimaji alifika kulalamika. Alisema kwamba nusu ya unene wa ukuta ni mali ya halmashauri, na kwamba Canio alikuwa na haki ya kukata tundu lililofika katikati tu. Loredana alimpa kahawa kupitia tundu hilo hilo. Alikunywa, akaandika kitu, akaenda, hakurudi.

*

Ilikuwa mwezi wa Mei Ebrima alipoleta jambo lake. Alisema hawezi kuendelea kulala kwenye kitanda cha mtu ambaye hajamfanyia kitu. Kwao mtu akifa hutolewa sadaka kwa jina lake, watu wakala, wakamwombea. Kama wenyeji wake hawatachukia, yeye angependa kumtolea sadaka mama.

Canio alisema mama yake alikuwa Mkatoliki. Ebrima alisema anajua, ameuona msalaba ukutani, hajaushusha. Loredana akauliza tu watapika nini.

Wakapika wali na mchuzi wa karanga na mwana-kondoo mzima ambaye Ebrima alimlipia kwa ujira wa mizabibu. Alipika kwenye jiko la gesi la Canio, Loredana akimenya vitunguu kwenye sinki la maskini, kila mmoja akiwa katika nusu ya mwenzake. Wakaja wenzake wa banda la kondoo, wamenawa, wamevaa kanzu. Majirani walisimama barabarani kidogo, wakanusa, wakaingia. Binamu Gerarda aliingia. Hata karani alikuja, akasema anapita tu.

Kabla ya kupakua, mzee mmoja kati ya wale wakata mizabibu aliuliza jina la marehemu, akauliza na jina la mama mzazi wa huyo marehemu. Canio akamwambia. Wakanyanyua mikono. Maneno yalikuwa ya Kiarabu na Canio hakuelewa hata moja, ila katikati yake alisikia Incoronata, likitamkwa kwa taabu, likikatwa vipande kama jina la mgeni. Alijishika kwenye ukingo wa meza. Loredana akamsogelea wakasimama bega kwa bega mpaka wale watu walipopitisha viganja usoni.

Ebrima alipakua sahani ya kwanza. Aliijaza, akaweka nyama juu, akampita yule mzee, akawapita majirani, akaja kusimama nayo mbele ya Canio.

"Sahani ya kwanza ni ya maskini," alisema. "Ndivyo tunavyofanya."

Mtaa mzima ulikuwa unatazama. Canio aliiangalia ile sahani. Akaweka mikono nyuma.

"Mimi si maskini," alisema.

Karani aliinua kichwa. Loredana alimgeukia mumewe kama mtu aliyesikia sauti ngeni ndani ya nyumba.

Ebrima hakuirudisha sahani. Aliisogeza karibu zaidi.

"Sawa, mzee. Umekula leo?"

"Bado. Tangu asubuhi tunahangaika na haya masufuria."

"Basi chukua, mkono wangu unaungua."

Canio akaipokea. Alitafuta pa kukaa, lakini upande wake viti vyote vilikuwa vimekaliwa, Gerarda akiwa amechukua viwili kwa sababu ya mkoba. Akatoka nje, akazunguka, akaingia kwa mlango wenye kibao cha halmashauri, akaketi ukingoni mwa kitanda cha mama yake, akala yote.